Ofisi za Dodoma: bili ya umeme huanzia kwenye michoro

Kila picha ya jengo jipya la wizara inaposambaa kutoka Mji wa Serikali, Mtumba, mjadala unaozuka mtandaoni ni uleule. Kundi moja linasifu vioo vinavyong'aa na kuuliza paneli za sola zitapandishwa lini juu ya paa ili jengo lihesabiwe kuwa rafiki wa mazingira. Kundi la pili linajibu kwamba mambo ya mazingira ni anasa ya nchi tajiri; sisi tujenge kwanza, mengine yatafuata. Ukisikiliza vizuri utagundua makundi hayo yana imani moja: kwamba ofisi inayotunza mazingira ni ofisi ya kawaida iliyoongezewa vifaa vya bei mbaya. Hapo ndipo wote wanapokosea. Sehemu kubwa ya umeme ambao jengo litautumia kwa miaka hamsini ijayo huamuliwa mbunifu majengo akiwa bado kwenye michoro: jengo limeelekea wapi, kioo ni kiasi gani, kivuli kinatoka wapi, kuta na sakafu zina uzito gani. Vifaa huja baadaye, na mara nyingi kazi yake ni kupambana na kosa ambalo tayari limemwagiwa zege. Dodoma ina hali ya hewa inayoruhusu ofisi zifanye kazi kwa kiyoyozi kidogo sana, iwapo tutaacha kuijenga kana kwamba ni Posta ya Dar es Salaam.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini ulilala hadi Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahama kweli. Aprili 2019 alizindua Mji wa Serikali pale Mtumba, ambako awamu ya kwanza ilikuwa ofisi za chini zilizojengwa haraka ili wizara zipate pa kuanzia. Awamu iliyofuata ni ya maghorofa, na pembeni yake taasisi za umma, mabenki na kampuni binafsi zinajenga za kwao mjini. Ni nadra nchi kupata fursa ya kujenga makao yake makuu ya kiutawala karibu yote ndani ya kizazi kimoja. Sihukumu jengo moja moja hapa. Ninachosema ni kwamba mtindo tutakaouzoea sasa ndio utakaoigwa na halmashauri, vyuo na mashirika kwa miongo ijayo, na zege halirekebishwi kwa waraka.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalolipiwa. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kwa miezi kama saba ya mwaka jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kwa miezi iliyobaki huwa kusini, lakini pande zote mbili linakuwa juu sana. Hata Juni, linapokuwa chini kuliko wakati mwingine wowote, adhuhuri bado linasimama karibu nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba dirisha la urefu wa mita moja na nusu linalotazama kaskazini linakingwa na jua hilo la adhuhuri kwa ukingo wa zege unaotokeza sentimita 90 tu juu yake. Upande wa kusini unahitaji hata pungufu ya hapo. Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Huko jua huja likiwa chini, linapita chini ya ukingo wowote na kuingia hadi katikati ya chumba, saa tatu asubuhi kwa upande mmoja wa jengo na saa kumi alasiri kwa upande wa pili. Kwa hiyo jengo refu lililolazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, lenye madirisha kaskazini na kusini, na ngazi, lifti, vyoo na stoo zikiwekwa kwenye ncha mbili zinazochomwa na jua, limeshaokoa umeme kabla halijanunuliwa kifaa hata kimoja. Halina gharama ya ziada. Linahitaji tu mtu aliyeruhusiwa kufikiria hivyo wakati kiwanja kinapangwa, maana mara nyingi ni barabara na geti ndivyo vinavyoamua jengo litazame wapi.

Baada ya jua kuna usiku, na usiku ndio utajiri wa Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika ukanda mkavu, na mahali pa namna hiyo joto la mchana huondoka haraka jua likizama. Kati ya Juni na Agosti kipimo kinaweza kuwa nyuzi 27 au 28 mchana na kushuka hadi 14 usiku. Hata Novemba, mwezi wenye joto kali, usiku hupoa hadi karibu nyuzi 20. Wagogo walilijua hili zamani. Tembe lao, lenye kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, lilikuwa likipokea joto la mchana taratibu sana kiasi kwamba ndani kunabaki baridi, kisha likaliachia usiku watu wanapolihitaji. Hakuna anayependekeza wizara ihamie kwenye tembe. Lakini kanuni yake ya uzito wa ukuta inafanya kazi vilevile kwenye zege na matofali ya jengo la ghorofa nane, na haifanyi kazi kabisa kwenye ukuta wa kioo na alminiamu.

Mfano wa Kiafrika upo na una umri wa zaidi ya robo karne. Eastgate Centre ya Harare, iliyobuniwa na Mick Pearce akishirikiana na wahandisi wa Arup, ilifunguliwa 1996. Ni jengo la ofisi na maduka, kubwa, katikati ya mji, na halina mtambo mkuu wa viyoyozi. Usiku feni husukuma hewa baridi kupitia uwazi ulioachwa ndani ya sakafu za zege, zege linapoa. Mchana hewa inayoingia ofisini inapitia kwenye zege hilohilo lililopoa, na hewa yenye joto inapanda na kutokea kwenye safu ya mabomba ya moshi juu ya paa. Madirisha ni madogo na yana vivuli. Pearce alisema wazo alilipata kwenye vichuguu vya mchwa. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba kichuguu hakipitishi hewa kwa namna aliyoidhania, lakini jengo linafanya kazi hata hivyo, na hilo ndilo la maana kwa mpangaji. La kuwashangaza wengi ni fedha: kwa kutoagiza mtambo wa viyoyozi, wenye jengo waliokoa takriban dola milioni 3.5 za ujenzi. Harare ina baridi kuliko Dodoma, kwa hiyo hatuwezi kunakili kila kitu, na kuanzia Oktoba hadi mvua zinapoanza baadhi ya vyumba vya Dodoma vitahitaji msaada wa mashine. Msaada wa wiki kadhaa kwa baadhi ya vyumba ni tofauti kubwa na utegemezi wa mwaka mzima kwa jengo zima.

Kinyume chake ni jengo la vioo, na hapa nataka tuangalie kwa karibu kinachotokea ndani. Nimefanya kazi katika ofisi ya aina hiyo Dar es Salaam, upande unaotazama magharibi. Ikifika saa nane mchana jua linaanza kupiga meza. Anayekaa dirishani anashusha pazia kwa sababu haoni kompyuta yake. Pazia likishuka chumba kinakuwa na giza, taa zinawashwa, mchana kweupe. Kioo kimeshapasha hewa iliyo kati yake na pazia, hivyo wa dirishani anashusha kiyoyozi hadi nyuzi 18, na dada anayekaa chini ya tundu la hewa upande wa ukutani anavaa sweta na kujifunga khanga magotini. Linachokifanya jengo hilo kwa umeme ni mambo matatu kwa wakati mmoja: kuondoa joto lililoingizwa na kioo, kurudisha mwanga uliozuiwa na pazia, na kumpoza mtu mmoja kupita kiasi ili mwenzake apate nafuu. Ile mandhari iliyokuwa sababu ya kuweka kioo hakuna anayeiona. Mwaka mmoja baadaye wenye jengo wanabandika karatasi nyeusi kwenye vioo na kuiita hatua ya kubana matumizi.

Sasa, sola. Mara nyingi hutajwa jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, Nairobi, linalotumiwa na UNEP na UN-Habitat, lililozinduliwa Machi 2011 na Ban Ki-moon pamoja na Rais Mwai Kibaki. Picha zake zote ni za paa: mita za mraba 6,000 za paneli, kilowati 515, zilizokusudiwa kuzalisha umeme unaolingana na mahitaji ya wafanyakazi wapatao 1,200. Watu wanaona paa na kuondoka na somo lisilo sahihi. Hesabu ile iliwezekana kwa sababu mahitaji yenyewe yalipunguzwa kwanza. Ofisi zinapata hewa kwa madirisha na uwazi wa kati, mwanga wa mchana unafika mezani, na mitambo ya kupoza haipo katika vyumba vya kazi. Weka paneli hizohizo juu ya mnara wa vioo wa ghorofa thelathini na hazitatosha hata kwa viyoyozi vya ghorofa chache, kwa kuwa paa la mnara ni dogo na matumbo yake ni makubwa. Paneli ni jibu zuri la swali la mwisho.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba maelezo haya yote hayafai Dar es Salaam, Tanga, Mombasa wala Unguja, na wanaosema hivyo wako sahihi kwa sehemu kubwa. Pwani unyevu hauondoki na usiku wa Januari hauteremki sana chini ya nyuzi 25, kwa hiyo zege halipati nafasi ya kupoa. Huko uzito wa ukuta unasaidia kidogo. Kivuli na upepo ndivyo vinavyosaidia. Mafundi wa Mji Mkongwe na Lamu walipanga vichochoro vyembamba vinavyojipa kivuli, na kila nahodha alijua kaskazi inatoka wapi na kusi inatoka wapi. Soko la Kariakoo, alilobuni Beda Amuli katika miaka ya 1970, lilisimamishwa chini ya miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli na kuachia hewa ipite. Ofisi ya pwani ya leo bado itahitaji kiyoyozi, lakini kuna umbali mkubwa kati ya kiyoyozi cha nyuzi 26 kinachosaidiwa na feni ya darini katika jengo lenye vivuli, na cha nyuzi 18 katika boksi la kioo. Mavazi nayo yamo humu. Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz mwaka 2005, ofisi zikatakiwa kuweka viyoyozi nyuzi 28 wakati wa kiangazi na watumishi wakaruhusiwa kuvua tai na koti. Sisi tulikuwa na Kaunda suti ya mikono mifupi, vazi la heshima la ofisi za umma, tukaiacha tukavaa suti za sufu za Ulaya, kisha tukaulizana kwa nini ofisi ina joto.

Hoja ya pili ni vumbi. Dodoma ina upepo mkali wa kiangazi, na mtu akifungua dirisha Agosti faili zinageuka rangi. Ni kweli, na ndiyo maana upozaji wa usiku hautegemei dirisha la karani. Hewa huvutwa juu, mbali na ardhi, kupitia vichujio vinavyosafishwa kwa ratiba, na miti ikapandwa upande upepo unakotoka. Kazi ipo, lakini vichujio vya viyoyozi navyo vinahitaji kusafishwa, na tunajua jinsi vinavyosahauliwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayorudiwa sana sasa: tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, umeme wa maji usiotoa moshi, kwa nini tubanane? Nina heshima kwa mradi ule na kwa waliousimamia. Lakini umeme wa maji ni umeme wa mvua, na mgao wa mwishoni mwa 2022, mito ilipokauka, haujasahaulika. Yuniti isiyopotea kwenye kioo cha wizara inabaki kwa kiwanda, kwa kijiji kinachosubiri nguzo, au kwa treni ya SGR ambayo tangu 2024 inafika Dodoma kwa umeme huohuo. Isitoshe, kiyoyozi hakichafui kwa umeme peke yake. Gesi ya R-410A iliyomo katika viyoyozi vingi vya ofisini, kilo moja ikivuja, hupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka mia moja. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hiyo duniani yalifikiwa jirani yetu hapa, Kigali, Oktoba 2016. Kadiri jengo linavyohitaji mashine chache, ndivyo linavyokuwa na gesi kidogo ya kuvuja na mafundi wachache wa kubahatisha.

Dhaifu kuliko zote ni ile hoja ya kwamba Afrika haichangii uchafuzi, kwa hiyo haya yanawahusu waliochafua. Sehemu yake ya kwanza ni kweli: bara zima linachangia kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotolewa duniani, na dai la haki dhidi ya nchi tajiri ni halali, nami naliunga mkono. Ila hitimisho halitokani na ukweli huo. Ofisi yenye joto haimpunguzii mshahara Mjerumani. Inampunguzia nguvu ya kazi mtumishi wa Dodoma, bili yake inalipwa kwa kodi ya muuza mahindi wa Kibaigwa, na jenereta likiungurumishwa wakati umeme umekatika, moshi wake unavutwa na watu walio getini. Anayesema tusijenge vizuri hadi wengine watubu anataka tujiadhibu kwa makosa ya wengine.

Kikwazo halisi hakizungumzwi sana, nacho ni cha kihasibu. Katika jengo la kupangisha, anayejenga si anayelipa umeme. Mjenzi akitumia fedha zaidi kwa vivuli na matofali mazito, faida inaenda kwa mpangaji anayeingiza LUKU. Kwa hiyo mjenzi anaweka kioo kinachovutia wateja na kumwachia mpangaji bili. Serikali ingepaswa kuepuka mtego huo, kwa kuwa inajenga, inakaa na inalipa yenyewe kwa miaka yote. Lakini humo ndani kuna mtego unaofanana. Jengo hutoka kwenye bajeti ya maendeleo, umeme hutoka kwenye matumizi mengineyo. Aliyesimamia mradi anapimwa kwa kumaliza ndani ya gharama na muda. Anayekuja kulipa bili ni mwingine, kwenye fungu jingine, mwaka mwingine, na hakuwapo michoro ilipopitishwa. Tuseme jengo lina mita za mraba 10,000 na linatumia yuniti 150 kwa kila mita kwa mwaka, kwa shilingi 200 kwa yuniti. Hizo ni shilingi milioni 300 kila mwaka. Muundo mzuri ukipunguza asilimia 40, inabaki akiba ya milioni 120 kwa mwaka, bilioni 3.6 kwa miaka thelathini, bila hata kuhesabu bei kupanda wala malipo ya mahitaji ya juu, yaani ya kilele cha matumizi, ambayo wateja wakubwa wa TANESCO hutozwa. Mkadiriaji majenzi anaweza kufanya hesabu hiyo kwa siku chache, akiulizwa. Shida ni kwamba hadidu za rejea humtaka gharama ya kujenga tu.

Maji yana hesabu rahisi zaidi. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe. Paa la mita za mraba 1,000, hata ukipoteza sehemu ya tano, linavuna zaidi ya lita 450,000. Ofisini maji mengi huishia vyooni, ambako hayahitaji kuwa ya kunywa. Tangi la chini ya ardhi lichimbwe wakati wa msingi, pamoja na bomba la pili la vyoo. Kurudi kuvifanya hivyo baada ya kupiga vigae ni gharama ambayo hakuna anayeikubali.

Kuhusu vifaa vya ujenzi nitakuwa mfupi. Saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi duniani, na nguzo za ghorofa hazina mbadala rahisi kwetu. Kuta za kujaza kati ya nguzo zina mbadala. Matofali ya udongo-saruji yanayofungamana, yanayohimizwa kwa miaka mingi na NHBRA, wakala wa Serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, hugandamizwa kwa mashine bila kuchomwa kwa kuni, na yana uzito uleule ambao Dodoma inauhitaji.

Vipo pia vyeti vya majengo yanayotunza mazingira. LEED ya Marekani na EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, ambayo hudai angalau asilimia 20 ya akiba katika nishati, maji na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa, vimeingia Nairobi na vinaingia Dar es Salaam. Vinasaidia, hasa pale benki inapovitaka kabla ya kutoa mkopo. Udhaifu wake ni kwamba sehemu kubwa ya alama hutolewa kwa makadirio ya kompyuta, kabla watu hawajahamia, na makadirio hayajui kwamba ghorofa ya nne itagawanywa vyumba kwa mbao na kuziba njia ya hewa. Mita haikadirii. Ningependa kila jengo la umma lenye zaidi ya mita za mraba 2,000 litangaze yuniti zake kwa kila mita ya mraba kila mwaka, jina la jengo na tarakimu, ili wizara mbili zilizojengwa jirani zilinganishwe na wananchi wanaozilipia.

Hilo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Takwimu tayari ziko TANESCO kwa kila ofisi iliyokwisha kuhamiwa pale Mtumba. Hazina inaweza kuagiza zikusanywe kabla ya zabuni zinazofuata, zikaambatanishwa kwenye hadidu za rejea za washauri elekezi, pamoja na sharti la kuonyesha gharama ya miaka thelathini kando ya gharama ya kujenga, na sharti la pili kwamba sehemu ya malipo ya mbunifu na mhandisi izuiliwe hadi mita isomwe baada ya mwaka mmoja wa matumizi. Mkandarasi tayari hukatwa fedha ya dhamana hadi kipindi cha matazamio kiishe, na kila mtu katika sekta anaielewa lugha hiyo.